Chris Paul mmoja, hesabu mbili

Timu inayosukwa upya ikianza kumpigia hesabu mkongwe, mashabiki huuliza kwanza kama miguu yake bado inamudu. Ni swali la haki, ila linatanguliwa na jingine: chipukizi wetu wamefika wapi? Biashara iliyofanywa Novemba 2020 kati ya Oklahoma City Thunder na Phoenix Suns inatoa somo hilo vizuri kuliko nyingine ninayoijua. Chris Paul alikuwa na miaka 35. Thunder walifanya vyema kumwachia, na Suns wakafanya vyema kumchukua.

Tuanzie Oklahoma City. Julai 2019 meneja mkuu Sam Presti alimpeleka Paul George kwa Los Angeles Clippers, akapata Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari na machaguo matano ya raundi ya kwanza ya drafti. Muda mfupi baadaye Russell Westbrook akaenda Houston Rockets, na Paul akaja Oklahoma City pamoja na machaguo mengine mawili. Mkataba wa Paul ulikuwa umebakiza misimu mitatu na zaidi ya dola milioni 120, kwa hiyo wengi walimwona mzigo. Presti hakukimbilia kumuuza kwa bei ya hasara.

Uvumilivu huo ulilipa. Thunder walishinda michezo 44 na kupoteza 28, na Paul akarudi kwenye mchezo wa nyota wa NBA. Faida kubwa zaidi ilikuwa kwa Gilgeous-Alexander, aliyepanda kutoka wastani wa pointi 10.8 kwa mchezo hadi 19.0. Kocha Billy Donovan alipenda kumpanga pamoja na Paul na Dennis Schröder. Kijana hakulazimika kuanzisha kila shambulizi. Mara nyingi mpira ulimfikia ulinzi ukiwa umeshayumba, naye akapenya hadi kwenye kikapu.

Hata hivyo Houston waliwatoa raundi ya kwanza katika mchezo wa saba. Gilgeous-Alexander alikuwa na miaka 22 tu, na kikosi kilichomzunguka hakikuwa cha rika lake. Kumbakiza Paul kungewapa ushindi wa kutosha kuwanyima nafasi nzuri kwenye drafti, lakini si wa kutosha kuwapa ubingwa. Thamani yake ilikuwa imeshapanda, basi wakauza.

Phoenix hali ilikuwa tofauti. Devin Booker alikuwa na miaka 24 na alikuwa kwenye ligi tangu 2015. Deandre Ayton na Mikal Bridges walishacheza misimu miwili. Kule Orlando, ambako ligi ilimalizia msimu, timu ilishinda michezo yake yote minane, bado ikakosa hatua ya mtoano ambayo haikuifikia tangu 2010. Vipaji vilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kuongoza dakika za mwisho. Kocha Monty Williams aliwahi kumfundisha Paul akiwa New Orleans, kwa hiyo alijua anamleta mtu wa aina gani.

Bei yake inafaa kuangaliwa kwa karibu. Mshahara wa Paul kwa msimu uliokuwa unaanza ulikuwa takriban dola milioni 41.4. Kanuni za wakati huo ziliiruhusu timu iliyovuka ukomo wa mishahara kupokea hadi asilimia 125 ya mishahara inayotoa, na nyongeza ya dola 100,000. Ricky Rubio na Kelly Oubre walikuwa na takriban milioni 31.4 kwa pamoja, na hiyo iliruhusu kupokea takriban milioni 39.3 tu. Ndiyo sababu Ty Jerome na Jalen Lecque, wenye mishahara midogo, wakaingizwa: jumla ikafika milioni 35.1, na mlango ukafunguka kwa Paul pamoja na Abdel Nader. Juu ya hao, Suns waliongeza chaguo moja la raundi ya kwanza. Booker, Ayton na Bridges hawakuguswa.

Matokeo yanajulikana. Suns walishinda michezo 51 na kufika fainali, wakafungwa na Milwaukee Bucks 4-2. Msimu uliofuata walishinda 64, rekodi ya klabu, na lile chaguo walilotoa likaangukia nafasi ya 30, ya mwisho kabisa katika raundi. Mkongwe anayeinua timu hupunguza mwenyewe bei aliyonunuliwa.

Thunder nao walipoteza michezo 50, kisha 58. Mwaka 2022 walimchagua Chet Holmgren katika nafasi ya pili, na kwa chaguo la Clippers wakampata Jalen Williams. Ni baada ya kushinda michezo 57 msimu wa 2023-24 ndipo walipomtoa Josh Giddey na kumleta Alex Caruso, mlinzi aliyekomaa. Juni 2025 wakatwaa ubingwa.

Kwa hiyo meneja anayemtaka mkongwe aulize kwa mpangilio huu. Je, vijana wake wameshaanza kushinda? Je, mishahara italingana bila kumtoa kijana wa msingi? Je, mkongwe huyo atawapunguzia vijana mzigo au atawanyang'anya mpira? Akijibu hapana katika swali la kwanza, asipige simu.