Mafundi wa Kona

Kuongeza mbio za gari si kazi ya kumtisha fundi. Funga turbo kubwa, ongeza mgandamizo wa hewa, mimina petroli zaidi, na gari litaruka. Kazi huanza barabara inapopinda. Hapo uzito wote unaegemea upande mmoja, matairi ya nje yanaelemewa, ya ndani yanakuwa mepesi, na dereva anagundua kama kuna mtu aliyemfikiria wakati gari linachorwa. Mtu huyo jina lake haliandikwi kwenye boneti. Ndiye ninayetaka kumsifu, na mashahidi wangu ni magari mawili ya Kijapani yasiyohitaji kutambulishwa Nairobi wala Nakuru: Subaru Impreza WRX na Mitsubishi Lancer Evolution.

Yote mawili yalizaliwa mwaka 1992, na yalizaliwa kwa sababu ya sheria. Mashindano ya rali ya dunia wakati huo yalikuwa chini ya kanuni za Kundi A, zilizomkataza mtengenezaji kuja na dude lililobuniwa kwa mashindano peke yake. Alitakiwa kwanza auze gari la aina hiyohiyo kwa watu wa kawaida. Mitsubishi waliitoa Evolution ya kwanza ili kutimiza idadi ya magari 2,500. Kwa hiyo mafundi hawakuanza na karatasi tupu. Walianza na saluni ya baba mwenye watoto: milango minne, kiti cha nyuma cha watu watatu, buti la kupakia viazi. Kanuni zile zilikusudiwa kuwabana, na kwa maoni yangu ndizo zilizowanoa.

Kwenye karatasi ungedhani ni gari moja lenye beji mbili. Injini ya lita mbili, silinda nne, turbo, magurudumu yote manne yanavuta. WRX ilianza na nguvu za farasi 240, Evolution 250. Lakini mkabidhi dereva mzoefu usukani wa moja, kisha wa jingine, hata ukimfunga macho atakwambia lipi ni lipi. (Usimfunge macho.)

Subaru walitegemea mpangilio. Tangu Subaru 1000 ya mwaka 1966 walishikilia injini iliyolala, pistoni zake zikipigana kushoto na kulia badala ya kupanda na kushuka. Injini ya namna hiyo inakaa chini, kwa hiyo uzito nao unakaa chini. Na kutoka hapo giaboksi na shafti vinakwenda nyuma kwa mstari mmoja ulionyooka, upande wa kushoto ukilingana na wa kulia. Gari likiingia konani linainama kidogo bila woga, na mwinamo huo unamwambia dereva amebakiwa na kiasi gani cha kushika. Springi zake zina nafasi ya kupanda na kushuka, hivyo shimo la ghafla halilitoi njiani. Kasoro ipo, tena kubwa: injini yote imetangulia mbele ya magurudumu ya mbele. Ukiingia kwa pupa, pua inateleza kuelekea nje ya kona na hakuna maombi yatakayoirudisha. Inabidi ufunge breki mapema, usubiri matairi ya mbele yashike, ndipo ukanyage mafuta. Ni gari linalomfundisha dereva subira, na akijifunza linamlipa.

Halafu kuna ule mngurumo. Unatokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu, moshi wa silinda moja ukichelewa na wa nyingine ukiwahi. Baadaye, kwa magari ya soko la Japani, mafundi wakayasawazisha mabomba na kubadili turbo ili injini ipumue vizuri zaidi. Ikapumua vizuri zaidi. Sauti ikaondoka. Kihesabu walikuwa sahihi kabisa, na bado sijawasamehe.

Mitsubishi hawakuwa na mpangilio wa kujivunia. Injini yao, 4G63, ilikuwa na bloku la chuma cha kalibu, limesimama, limewekwa mkingamo, na uzito mwingi uko mbele. Gari la hivyo kwa haki lingepaswa kuwa zito kukata kona. Wakaamua kwamba kile ambacho umbo limewanyima watakitafuta kwenye difu ya nyuma. Mwaka 1996, kwenye Evolution ya nne, walifunga mfumo wa AYC: gia na klachi zinazoongozwa na kompyuta, zenye uwezo wa kupeleka nguvu zaidi kwenye gurudumu moja la nyuma kuliko jenzake. Kona ikiwa ya kushoto, gurudumu la nje, la kulia, linasukumwa kwa nguvu zaidi, na msukumo huo unaizungusha pua kuelekea ndani. Dereva anagusa usukani, gari limeshageuka. Wapo wanaodai kwamba hapo kompyuta ndiyo inayoendesha. Sikubaliani nao. Kompyuta haijui utamu wa kona. Kuna binadamu aliyeendesha, akahisi, akarudi kupunguza kidogo hapa na kuongeza kidogo pale, mpaka msaada ukaacha kuonekana kuwa msaada.

Ubishi wa magari haya mawili uliamuliwa mara nyingi hapahapa kwetu, ingawa haukuisha. Lancer lilikuwa na wenyeji wa zamani: Joginder Singh alishinda Safari Rally ya 1974 na ya 1976 akiwa na Lancer 1600 GSR. Kizazi kilichofuata kilianza 1996, Tommi Mäkinen aliposhinda na Evolution. Mwaka uliofuata Colin McRae akachukua ushindi kwa Subaru. 1998 Richard Burns akaurudisha Mitsubishi, 1999 McRae akaja na Ford na kuingilia ugomvi wa watu, 2000 Burns akashinda tena, safari hii akiwa amehamia Subaru, na 2001 zamu ikawa ya Mäkinen. Pale ambapo mto unavukwa na bomba la kuvutia hewa limepandishwa hadi usawa wa paa, hakuna kati ya hayo mawili lililoweza kudai ubingwa wa kudumu.

Jambo moja hupitwa katika mabishano ya gereji. Kanuni zilipolegezwa mwaka 1997, Subaru, ambao magari yao ya rali yaliundwa na Prodrive huko Banbury, Uingereza, waliupokea uhuru mpya mara moja. Mitsubishi waliendelea na Kundi A kwa miaka kadhaa zaidi, na mataji manne ya dunia ya Mäkinen, 1996 hadi 1999, yalipatikana humo. Maana yake, mtu aliyenunua Evolution ya sita dukani alipata kitu kilicho karibu mno na gari la bingwa. Gharama yake anaijua mgongoni: springi ngumu, oili ya kubadilishwa mapema, na pampu ya AYC ambayo ikichoka humfanya mwenye gari aongee peke yake. Kwenye Evolution ya kumi walifikia hatua ya kuhamishia betri na tangi la maji ya kioo kwenye buti, na kufanya paa la alumini, ili kupunguza uzito wa mbele na wa juu. Nafasi ya begi ikapungua. Mtu anayekubali kumnyang'anya mteja nafasi ya begi kwa ajili ya kona anaipenda kazi yake kupita kiasi, nami namvulia kofia.

Evolution ilikoma kutengenezwa katikati ya muongo uliopita, na STI, ndugu mkali wa WRX, naye akafuata mwaka 2021. Yaliyobaki yanazeeka mikononi mwa watu. Ukiniuliza ninunue lipi, nitakuuliza kwanza nani anakaa nyuma. Kama ni mke na watoto wanaokwenda Naivasha na mizigo yao, nipe Impreza ya miaka ya tisini, ile ya stesheni wagoni, yenye mabomba yasiyolingana. Kama kiti cha nyuma ni kitupu na barabara ni ile ya zamani inayoteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, alfajiri, kabla malori hayajaijaza, nipe Evolution ya sita na usiniulize nitarudi saa ngapi.