Maji ya Hola na Amri ya Kuziba Habari

Tarehe 15 Oktoba 2025 Rais wa Kenya alitia sahihi mabadiliko ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mitandao, sheria iliyotungwa kwanza mwaka 2018. Katika mabadiliko hayo mna ibara moja fupi ambayo napenda tuitazame pamoja, kama tunavyoutazama ubeti wa shairi darasani, neno kwa neno. Ibara hiyo yasema kwamba ikithibitika kuwa tovuti au programu fulani yaeneza mambo yaliyo kinyume cha sheria, uchafu unaohusu watoto, ugaidi, au itikadi kali za dini, kamati ya serikali yaweza kuamuru ifungwe, watu wasiifikie.

Maneno haya ni mema masikioni. Nani atakayesimama kumtetea mwenye kuwadhuru watoto? Nani atakayemwombea gaidi njia? Lakini msomaji mwangalifu hatosheki na majina ya maovu yaliyotajwa. Hutafuta pia kitenzi, akauliza nani atendaye. Ibara yasema “ikithibitika”. Ithibitike mbele ya nani? Hakimu hatajwi. Mwenyekiti wa kamati ni katibu wa wizara anayesimamia usalama wa ndani, na miongoni mwa wajumbe wake wamo mkuu wa majeshi, Inspekta Jenerali wa Polisi na mkuu wa idara ya ujasusi. Hawa ni watu wenye kazi nzito, wala siwatukani. Nasema tu kwamba katika ibara hii mshtaki ndiye shahidi, na shahidi ndiye mwamuzi.

Kabla sijaendelea, yanipasa kuieleza hoja ya upande wa pili kwa haki, maana uhakiki usiomsikiliza mpinzani ni ugomvi tu. Mimi nafundisha katika chuo cha ualimu, na kwetu ni Garsen. Sisi watu wa Mto Tana tuna sababu ya kuyaogopa maneno kuliko wengi. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa alfajiri, na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Kabla ya mwaka mpya kuingia, vijiji vingine vilikuwa vimeteketezwa, na Wapokomo na Waorma, wakulima na wafugaji waliokunywa maji ya mto mmoja tangu enzi za mababu, walikuwa wamezikana pande zote mbili. Chanzo kilikuwa ardhi, malisho na malka, yaani njia za mifugo kufika mtoni. Lakini uvumi ulikuwa upepo wa moto ule. Nilikuwa kijana wakati huo, nami nakumbuka kila jioni habari ilivyoingia: kijiji fulani kinachomwa, watu fulani wanakuja usiku. Nyingine zilikuwa kweli, nyingine uongo, na walioogopa walishika silaha kwa zote mbili.

Basi mtu akiniambia, “Mwalimu, laiti simu zingalizimwa mwaka ule, watu wangalipona,” simcheki. Hoja yake imetoka makaburini. Hata hivyo naikataa, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, uvumi hauzaliwi na wingi wa habari bali na uhaba wa habari ya kuaminika. Katika siku zile mama aliyekuwa na mwana machungani hakuwa na wa kumwuliza. Asiyejua huamini la kwanza analoambiwa. Isitoshe, simu iliyochukua uvumi ndiyo iliyochukua maonyo. Nawajua watu walio hai leo kwa sababu rafiki wa upande wa pili aliwapigia simu, akawaambia, “Leo msilale nyumbani.” Mwenye kuzima simu angaliuzima uvumi na onyo kwa mkono mmoja.

Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, yafaa tuulize itakuwaje siku ambayo mwenye kosa ni serikali yenyewe. Jibu hatuna haja ya kulifuata mbali. Tupande na mto hadi Hola, mji ambao leo ni makao makuu ya kaunti yetu. Katika miaka ya Hali ya Hatari palikuwa na kambi ya watu waliozuiliwa kwa ajili ya Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 watu 85 kati yao walitolewa kambini kwenda kulazimishwa kufanya kazi. Walinzi waliwapiga kwa virungu, na watu 11 wakafa. Serikali ya kikoloni ilipotoa taarifa yake ya kwanza, ilisema nini? Ilisema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji yaliyoletwa kwa gari la maji.

Tafakarini taarifa hiyo. Ilitoka ofisini, kwa lugha ya upole. Mtu ambaye siku ile angaliandika, “Hapana, wamepigwa,” angalikuwa, kwa kipimo cha ofisi ile, mwenye kueneza uongo na kuchochea fitina. Kama kuthibitika kungaliachiwa maofisa peke yao, hata leo tungaliambiwa kwamba maji ya Hola yaliua. Lakini uchunguzi ulifanywa mbele ya hakimu, miili ikapimwa na madaktari, majeraha yakaonekana. Magazeti yakaandika. Mwezi wa Julai 1959 jambo hilo lilijadiliwa katika Bunge la Uingereza, ambako Barbara Castle wa upinzani, na hata Enoch Powell wa chama kilichotawala, waliishutumu serikali. Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Ni fupi kweli, ila pale ambapo watu wameachwa huru kuifuata hadi mwisho wake.

Yamkini mwanafunzi atasema, “Hiyo ilikuwa serikali ya wageni, ya leo tumeichagua wenyewe.” Ni swali zuri. Lakini kuchaguliwa hakumwondolei mtu kishawishi cha kuficha aibu yake. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wa jirani zetu wa Tanzania, intaneti ilikatwa nchini humo ikakaa hivyo siku kadhaa, wakati ghasia zilipozuka na watu walihitaji mno kujua nani yu hai na nani amekufa. Na hata nia ikiwa njema, amri ya kufunga haina macho. Mwezi wa Novemba 2023, na tena 2024, programu ya Telegram ilizibwa hapa Kenya wakati wa mtihani wa kidato cha nne, ili kuzuia wizi wa mtihani. Wizi wa mtihani ni uovu, nami kama mwalimu nauchukia. Lakini wafanyabiashara, wagonjwa na wanafunzi wasio na hatia walifungiwa pamoja na wezi. Ni kama kulifunga soko zima la Garsen kwa kuwa yumo mtu mmoja aliyeiba maembe.

Je, mchochezi aachwe? La, hasha! Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, imetupa uhuru wa kusema, na papo hapo ikakataa kuulinda uchochezi wa ghasia na maneno ya chuki. Mwenye kuwasha moto kwa ulimi wake ashtakiwe, asikilizwe, mashahidi waitwe, na akipatikana na hatia aadhibiwe yeye, si taifa zima. Na kama ukurasa wake wastahili kuondolewa, hakimu aamuru hivyo na atoe sababu zake, ili asiyeridhika akate rufani. Kwa hiyo, ningalipewa kalamu, nisingaliifuta ibara yote. Baada ya neno “ikithibitika” ningaliongeza maneno manne tu: mbele ya hakimu, hadharani.

Nanyi wanafunzi mna sehemu yenu. Uhuru wa kusoma kila kitu ni mzigo kwa asiyejua kupima. Habari ikikufikia jioni, jiulize: nani asemaye? Amejuaje? Atafaidi nini nikiamini? Usiipeleke kwa mwenzako kabla hujapata jibu. Kila uvumi mnaoupitisha bila kuupima huwapa wapenda kufunga sababu mpya ya kufunga. Na kila uvumi unaokufa mikononi mwenu ni ushahidi kwamba watu wanaweza kuaminiwa.

Watu 11 wa Hola hawakufa kwa maji. Twalijua hilo kwa sababu palikuwa na watu waliokataa kuiamini taarifa ya ofisi, na pakawa na mahali pa kulisema jambo hilo wazi. Mahali hapo tupalinde.