Mikono Iliyokipa Chuma Pumzi

Huko Thessaloniki, mji wa bandari wa kaskazini mwa Ugiriki, ipo yadi ya reli ambayo treni za leo huipita bila kusimama. Ndani yake vimepangana vichwa vya treni vya mvuke, vingi vyao vya zama za Vita vya Pili vya Dunia. Magugu yameota kati ya mataruma na kupanda mpaka kwenye ekseli. Upepo wa chumvi kutoka baharini umekula mabati yaliyofunika boila, na madirisha ya vibanda vya madereva yamebaki fremu tupu. Baadhi ya injini hizo zilijengwa Glasgow, baadhi Marekani. Ziliingia kazini katika nchi ambayo madaraja yake yalikuwa yamelipuliwa na njia zake kung'olewa. Zilivuta mizigo na abiria kwa miaka mingi, kisha dizeli ikashika nafasi yake nazo zikasukumwa kando.

Mnunuzi wa vyuma chakavu akifika hapo atapiga hesabu ya tani. Mimi naona kazi ya watu ambao hawajasifiwa inavyostahili: waliokata mabati ya boila, waliotia mirija, waliosugua beringi kwa mkono, waliowasha moto usiku ili treni iondoke alfajiri. Ufundi huo ndio ninaotaka kuusifu, tena kwa kupitia injini za vita, kwa sababu hizo ndizo zilizojengwa kwa haraka na kwa umaskini wa vifaa, na bado zikadumu.

Kuanzia mwaka 1942 majeshi yote yalihitaji vichwa vya treni kwa maelfu. Jeshi la Marekani liliagiza aina ya S160 kutoka viwanda vya ALCO, Baldwin na Lima, zikatoka 2,120. Uingereza ilimkabidhi kazi mhandisi Robert Riddles, naye akabuni injini mbili za mizigo: moja ya magurudumu manane ya kuvuta, zikajengwa 935, na nyingine ya magurudumu kumi, zikajengwa 150 na kampuni ya North British ya Glasgow. Ujerumani nayo ilitoa zaidi ya 6,000 za aina ya 52. Kote amri ilikuwa moja: punguzeni. Wajerumani walichukua injini yao ya aina ya 50, yenye vipande karibu 6,000, wakaondoa karibu 1,000. Shaba ilikuwa adimu, kwa hiyo matanuri yakajengwa kwa chuma cha pua. Vipande vilivyozoea kufuliwa kwa nyundo au kumiminwa katika kalibu vikaundwa kwa kuchomelea mabati. Mapambo yakaondoka yote.

Kupunguza kunahitaji ujuzi kuliko kuongeza. Asiyejua nguvu inapita wapi huongeza unene kila mahali ili ajihami. Anayejua hukata pale nguvu isipopita. Riddles alijua injini zake zitatembea juu ya reli nyepesi na madaraja yaliyoungwa upesi na askari. Akaugawa uzito wa ile ya magurudumu kumi ili kila ekseli ibebe tani 13 na nusu hivi. Kwa kuwa ekseli tano zilizofungwa pamoja hazipindi kona kwa urahisi, magurudumu ya ekseli ya katikati aliyaacha bila ukingo ule unaoshika reli, yakawa yanateleza juu yake huku mengine yakiongoza njia. Hakuongeza kipande hata kimoja. Tatizo alilimaliza kwa kutoa.

Lakini kuna mambo ambayo hakuna aliyethubutu kuyatoa, kwa kuwa ndiyo uhai wa mashine yenyewe. Mvuke ukishasukuma pistoni hutokea chini ya dohani kwa kishindo, na kishindo hicho huvuta hewa kupitia makaa ya mawe yanayowaka. Injini ikivuta mzigo mzito, moto wake huvutwa kwa nguvu zaidi. Ikitelemka mlima bila kazi, moto nao hutulia. Mashine hujipimia pumzi yake. Maji ya boila huingizwa na injekta, kifaa alichokivumbua Mfaransa Henri Giffard mwaka 1858. Humo mvuke uliotoka kwenye boila huugeuza mwendo wake kuwa msukumo, ukayasukuma maji ndani ya boila ileile uliyotoka, bila pampu wala gurudumu lolote kuzunguka. Vita havikupata cha kuboresha hapo.

Sasa tumtazame fundi wa boila. Tanuri la injini ni sanduku la chuma lililowekwa ndani ya sanduku jingine, maji yakiwa katikati. Shinikizo la S160, na la injini za Riddles pia, lilikuwa pauni 225 kwa kila inchi ya mraba, na lingeyakunja mabati ya tanuri mara moja kama yasingefungwa kwa mamia ya fimbo fupi zilizochongwa hesi, kila moja ikishikilia ukuta wa ndani na wa nje. Baadhi ya fimbo hizo hukatika ndani, pasipoonekana. Fundi huzigonga moja moja kwa nyundo ndogo na kutega sikio. Iliyo nzima hujibu kwa mlio mkali, iliyokatika hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi. Mirija inayopitisha moshi wa moto katikati ya maji huingizwa kwenye tundu zake, kisha ncha zake hutanuliwa mpaka zibane. Fundi akizidisha, anaupasua mrija, akipunguza, unavuja. Vipimo huandikwa vitabuni, ila mahali pa kuacha kutanua mkono ndio huambiwa na chuma.

Kila baada ya safari kadhaa boila hupozwa, plagi zake hufunguliwa, ukoko wa chokaa ukakwanguliwa na kusukumwa nje kwa maji. Kazi hii ni chafu na haina shangwe, lakini ikiachwa, ukoko huzuia joto lisifike kwenye maji, bati likaungua. Kuiwasha tena nako kuna adabu yake. Boila baridi hupashwa taratibu kwa saa nyingi, maana bati nene na jembamba hayatanuki kwa kasi moja, na mwenye haraka huipasua kwa mikono yake mwenyewe.

Hatari ya boila si ya kufikirika. Paa la tanuri lazima lifunikwe na maji wakati wote. Maji yakishuka chini yake, chuma hicho huwa kama sufuria iliyosahauliwa jikoni: hulainika kwa joto, kisha shinikizo la juu yake hulibomoa. Maji hugeuka mvuke ghafla na kutanuka takriban mara 1,600, na kibanda cha dereva ndicho kilicho mbele ya mlipuko. Mwaka 1943 na 1944 S160 tatu zilipatwa na janga hilo nchini Uingereza. Chanzo kikubwa kilikuwa vali ya juu ya kioo cha kupimia maji. Ingeweza kubaki imefungwa nusu bila kuonekana, na kioo kikaonyesha maji mengi kuliko yaliyokuwamo. Madereva wale walizoea vioo vya aina nyingine, na mazoea yakawasaliti. Ndiyo sababu madereva wa zamani hawakuyaamini macho peke yake: walikuwa wakipuliza kioo mara kwa mara, wakafungua vali moja baada ya nyingine, wakatazama maji yanavyorudi.

Pembeni ya dereva alisimama mchochea moto, na wengi walidhani kazi yake ni koleo na misuli. Ukweli ni kwamba alikuwa akisoma mbele. Mlima ukiwa umbali wa dakika kumi, moto wa mlima huo lazima uanze kujengwa sasa. Maji yakiingizwa kwa pupa wakati wa kupanda, boila inapoa na treni inakwama. Aliitambua hali ya tanuri kwa rangi ya mwali na kwa rangi ya moshi wa dohani. Moshi mweusi ulimwambia kwamba makaa ni mengi na hewa haitoshi, na dohani safi kabisa ilimwonya kwamba moto huenda umekuwa mwembamba. Maamuzi hayo aliyafanya mamia ya mara katika zamu moja, sakafu ikitikisika chini ya miguu yake.

Injini hizi zilibuniwa kwa ajili ya vita tu, na wabunifu hawakuzitarajia ziishi miaka mingi. Zikaishi. Za Ujerumani zilisambaa Ulaya ya mashariki, na huko Bosnia baadhi ziliendelea kufanya kazi katika migodi ya makaa hadi karne hii ya 21. Injini 16 za Riddles za magurudumu kumi zilifika Ugiriki na kuhudumu huko kwa miongo. Chuma chake kilikuwa cha kawaida na kazi ya kiwandani ilikuwa ya haraka. Kilichorefusha umri wake ni matengenezo ya kila siku, yaliyofanywa na watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye bamba lolote la shaba.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu katika habari hii. Wakati wa vita kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliijengea Wizara ya Vita ya Uingereza injini za Garratt, zenye boila moja iliyobebwa kati ya injini mbili ili mwili mrefu uweze kupinda kona. Baadhi zilikuja Kenya na Tanganyika, kwenye reli yetu ya upana wa mita moja, na nyingine zilifuata baadaye kutoka Burma. Mojawapo, namba 5505, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Waliozitunza walifanya kazi katika mpangilio wa kikoloni uliogawa vyeo na mishahara kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Chuma hakikujua mgawanyo huo. Fimbo iliyokatika ilitoa sauti ileile kwa sikio la kila fundi, na aliyeisikia ndiye aliyewaokoa waliopanda treni.

Anayezisifu injini za vita lazima aseme pia zilibeba nini. Kutoka Thessaloniki hiyohiyo, mwaka 1943, Wanazi waliwapakia kwenye treni zaidi ya Wayahudi 40,000 na kuwapeleka Auschwitz. Viwanda vya Ujerumani vilivyotoa injini za vita vilitumia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Ustadi haumtakasi anayeutumia kwa uovu, na reli nzuri hufikisha popote inapoelekezwa. Ninapousifu mkono wa fundi siwasifu waliotoa amri. Nasema kwamba ujuzi ni amana, na jamii inayoushika ndiyo itakayoulizwa ulitumika kwa nini.

Kutu ndiyo mpinzani wa ujuzi huo, nayo ina subira. Maji ya mvua hujificha kati ya boila na mabati yanayoifunika, mahali jua lisipofika. Majivu yaliyoachwa ndani yakichanganyika na unyevu hutoa asidi inayotafuna chuma kutoka ndani. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hujisukumiza katikati ya mabati mawili yaliyopigwa ribiti mpaka yakaachana. Kila kiungo alichokibana fundi kwa nyundo, kutu hukifungua bila kelele.

Hata hivyo chuma kina njia ya kurudi. Mojawapo ya injini za Glasgow zilizokuwa Ugiriki, namba 3672, ilirudishwa Uingereza mwaka 1984, ikafufuliwa, ikapewa jina la Dame Vera Lynn, mwimbaji aliyependwa na askari wa vita hivyo, na ikavuta abiria tena katika reli ya North Yorkshire Moors. Mwaka 2008 Uingereza ilishuhudia kichwa kipya kabisa cha mvuke, Tornado, kikitembea kwa mara ya kwanza, baada ya wapenzi wa reli kuchanga fedha tangu mwaka 1990. Boila ya Tornado ilijengwa Meiningen, Ujerumani, katika karakana ya reli ambayo haikuwahi kuacha kazi hiyo. Nchi iliyoipa dunia reli ya mvuke ilikuwa na bati, fedha, michoro na hamu ya kutosha, ila kwa boila ililazimika kuifuata mikono ilikobaki.

Hilo ndilo fundisho la yadi ya Thessaloniki. Injini inayooza inaweza kupimwa, kuchorwa na kujengwa upya muda wowote mtu atakapopata uwezo. Fundi akifa kabla hajafundisha, anaondoka na sikio lake na kipimo cha mkono wake, na hakuna mchoro utakaovirudisha.

Kwetu bado wapo wazee waliofanya kazi katika karakana za Nairobi, Dar es Salaam na Tabora wakati mvuke ulipokuwa ukivuta treni za Afrika Mashariki. Ni wastaafu walioko mijini na vijijini, na kila mwaka wanapungua. Vyuo vyetu vya ufundi na makumbusho yetu viwatafute, viwarekodi sauti, viwape kijana wa kukaa naye na nyundo mkononi. Nawe msomaji, kama baba yako, babu yako au jirani yako alikuwa mtu wa reli, mwendee wiki hii na umuulize aliwezaje kujua kwamba boila ni nzima. Andika anachokujibu.