Kikonyo Kipya kwenye Shina la Kale

Mtu wa pwani akitoka kuoga baharini, chumvi inayomkaukia mwilini huiita chunyu. Kwetu bahari iko mbali, ila kata yetu wilayani Ruangwa inaitwa Chunyu, na maana ya neno hilo mimi niliiona ndani ya kompyuta. Betri ya saa ilikuwa imevuja siku nyingi, ikaacha ukoko wa kijani na mweupe pembezoni mwa bodi. Fundi aliuchokoa kwa ukucha, akaunusa, akauliza kama nyumbani kuna siki.

Kompyuta ni ya mjomba wangu, mwalimu mstaafu. Ni 486 DX2 ya megahezi 66, na hataki nyingine. Kwa miaka mingi amekuwa akikusanya maneno ya Kimwera na kuyatunza kwenye flopi, na kila nikimtajia laptopu hunijibu kwamba maneno hayana haraka. Mwenye haraka nilikuwa mimi. Nikamletea kibao cha kuongeza mwendo: prosesa ya AMD 5x86 ya megahezi 133, ya toleo lililotoka mwaka 1995, imekalishwa juu ya kibao kidogo chenye kishusha umeme, maana soketi ya zamani inatoa volti 5 na yenyewe inataka 3.45 tu. Niling'oa ya zamani, nikapachika mpya, miguu yote 168 ikazama. Mashine ikawaka, ikahesabu kumbukumbu yake hadi mwisho. Nikajiona fundi.

Wiki haikwisha, maneno ya mjomba yakaanza kuoza. Unafungua faili kutoka kwenye flopi, unasoma vizuri mistari kumi, halafu katikati ya neno inaingia herufi isiyo yake, au kipande cha faili jingine kabisa. Mjomba hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mpwa wangu, ulichonipa ni mwendo au ni nini?"

Tukaibeba hadi Nachingwea, kwa fundi yule, mtu aliyeanzia kwenye redio. Wengi wa rika lake walianzia huko. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza; kijana aliyependa nyaya miaka ile alijifunzia kwenye redio, na redio ilimfundisha vizuri. Kitu cha kwanza alichofanya fundi wetu ni kutofanya kitu. Alimtaka mjomba aeleze, na mimi kila nilipodakia alininyamazisha kwa mkono. Lini ilianza? Inakosea kila mara, au mara moja moja? Faili lililo kwenye diski ngumu nalo linaharibika? Mjomba akasema la, ni ya flopi tu. Fundi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa chenji iliyotimia.

Mimi tayari nilishahukumu: flopi zimezeeka. Akanikatalia bila kuzigusa. Flopi ikiwa mbovu, alisema, hulalamika. Mashine hukagua kila kipande inachosoma, na kisipolingana inakwambia imeshindwa. "Hii hainung'uniki. Hii inadanganya." Akanakili faili moja mara mbili, akalinganisha nakala na nakala. Zilitofautiana. Basi herufi zinatoka salama kwenye flopi na kuharibikia njiani, baada ya kukaguliwa.

Hata hivyo hakurukia hilo. Alisafisha kwanza ule ukoko kwa siki, akafuta, akaacha ukauke. Akajaribu, kosa likabaki. Akapima umeme wa kibao kwa mita: 3.45, sawasawa. Akarudisha prosesa ya zamani: kosa likaondoka. Akarudisha mpya: likarudi. Kila hatua aligeuza kitu kimoja tu, akaandika kwa penseli, ndipo akaenda kingine. Nilichoka kumtazama. Leo nadhani ufundi wenyewe ulikuwa pale, katika kuvumilia kutojua bila kushika mambo mawili kwa mpigo.

Mjomba ana mikorosho ya babu yake ambayo aliikata na kuibebesha, jinsi wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele kule Mtwara wanavyoelekeza: shina la kale, machipukizi mapya, juu yake kikonyo kutoka mti uzaao vizuri. Kikonyo kikikauka, yeye halaumu kikonyo wala shina. Anafungua ule utepe wa plastiki na kutazama pale vilipokutana. Fundi alipotuambia kwamba prosesa ni nzima na bodi ni nzima, mjomba alielewa kabla yangu.

Kosa lilikuwa la uwekaji kumbukumbu. Prosesa hujiwekea akiba ndogo ya yale inayoyatumia mara kwa mara. Ya zamani, kila ilipobadilisha kitu, iliandika papo hapo kwenye kumbukumbu kuu. Mpya ina tabia ya kubaki nacho na kukiandika baadaye, ndiyo sababu mojawapo ya wepesi wake. Mfikirie karani wa ghala msimu wa ufuta, anayeandika uzito kwenye karatasi ya mfukoni ili jioni ahamishie daftari kubwa. Mchana mwenzake anapitia mlango wa nyuma na kuandika humo humo daftarini. Jioni karani anafuta ya mwenzake kwa kuandika yake, na wote wawili ni waaminifu. Flopi ndiyo hupitia mlango wa nyuma: herufi zake huingia kumbukumbuni bila kupitia mikononi mwa prosesa. Diski ngumu ya mashine ile hupitia kwa prosesa, ndiyo maana ilikuwa salama. Bodi mpya zaidi humtahadharisha karani. Hii ilitengenezwa kabla ya makarani wa namna hiyo.

Akazima akiba yote kwenye mipangilio: mashine ikatambaa, lakini nakala zikalingana. Sasa alikuwa na uhakika. Akahamisha jampa moja kwenye kibao, kiunganishi kidogo kama punje ya mtama, ili prosesa iandike papo hapo kama ile ya zamani. Mwendo ukapungua kidogo. Nilisikitika, naye akanitazama kama ninayedai mkorosho uzae siku ya kubebeshwa.

Kwa penseli akaandika upande wa ndani wa mfuniko jampa ilipo na ilikokuwa, kwa ajili ya fundi atakayeifungua baadaye. Kisha akafungua orodha ya mjomba kutoka kwenye flopi, mara tatu. Mjomba akasogeza miwani, akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa bado. Neno hili limeharibika."

Fundi akalinganisha nakala zote tatu.

"Samahani, Mwalimu. Mara zote tatu linatoka hivyo hivyo. Hilo liliandikwa hivyo."

Mjomba akaomba penseli.