Kusamehe si Kusahau

Watu wengi huyafunga pamoja maneno haya mawili, kusamehe na kusahau, kana kwamba ni mapacha. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini shina lao si moja. Kusahau ni kughafilika tu. Hata mtoto aweza. Kusamehe kuna maana ya ukarimu: mwenye haki aiachilia haki yake kwa hiari.

Ndiyo sababu twasema pia kusamehe deni, kusamehe kodi. Nani atasamehe deni asilolijua? Katika Injili ya Mateo, sura ya 18, mfalme afanya hesabu kwanza: talanta 10,000. Kisha asamehe yote. Anayesahau ni yule mtumwa: atoka nje, amkaba mwenzake koo kwa dinari 100!

Basi twaona si haki kumwambia mjane aliyenyang'anywa shamba: «Samehe, usahau.» Hayo ni kumfunga kinywa. Kosa litajwe kwanza, na mkosaji alisikie. Ndipo mjane, akiwa anakumbuka yote, aweza kusamehe kweli. Na mkosaji atajua amepewa kitu gani.