Kiambishi Kilichojificha Ndani ya Kiingereza cha Mpwa Wangu

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Jumapili jioni alinijia na daftari lenye swali la fasihi ya Kiingereza: kwa nini Sidi anamkataa mwalimu Lakunle katika The Lion and the Jewel, tamthilia ya Wole Soyinka? Jibu alikuwa nalo tayari, mistari mitano aliyoinakili kutoka kijitabu cha notisi kinachouzwa steshenari, imejaa maneno mazito kuhusu mgongano wa mila na usasa. Nikamwomba anieleze kwa Kiswahili maana ya mstari wa kwanza tu. Akanyamaza.

Tukakiweka kijitabu pembeni. "Hebu nisimulie. Asubuhi ile pale kijijini Ilujinle, nani anataka nini?"

Alianza kwa kusitasita, kisha akachangamka. Sidi anatoka kuteka maji, ndoo kichwani. Lakunle anamnyang'anya ile ndoo ili ambebee, maji yanammwagikia. Anambembeleza kwa maneno ya vitabuni, lakini mahari hatoi. Kwake huo ni ushenzi.

"Kwa kifupi, mjomba, anataka mke wa bure."

"Na Sidi anaogopa nini?"

Akafungua kitabu mwenyewe, akapatafuta pale Sidi anaposema kwamba akiolewa bila mahari kijiji kitamfanya kichekesho, watu waseme hakuwa bikira. Basi jibu likawa limepatikana, na ushahidi wake kaushika kwa kidole. Mtoto huyu amesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili. Ndiyo lugha anayofikiria kwayo. Kumkataza kuitumia mezani, kwa hoja kwamba somo ni Kiingereza, ni kumnyang'anya akili yake mwenyewe kabla hajaanza kazi.

Ndipo akaandika:

"Sidi he refuse Lakunle because he want to marry him without bride price."

Ukiwa na kalamu nyekundu utahesabu makosa manne na kuandika "rudia". Mimi nilimwomba aandike juu yake sentensi ya Kiswahili iliyokuwa kichwani: Sidi anamkataa Lakunle kwa sababu anataka kumwoa bila mahari. Tukazilinganisha neno kwa neno, na karibu kila kosa likatuonyesha lilikotoka.

Kiswahili kinataka kiambishi cha mtenda hata kama jina lake limeshatajwa: Sidi a-namkataa. Yeye aliitafsiri hiyo "a-" kwa uaminifu kabisa, akapata "he" isiyohitajika. Tena "a-" yetu haibagui mke na mume, wala "-mw-" ya kumwoa haibagui. Ndiyo maana Sidi akawa mwanamume na "her" ikageuka "him". Hapakuwa na uzembe wowote. Alikuwa anafuata sarufi sahihi, ila ya lugha nyingine.

Nilimpa maswali mawili ya kujiuliza kila anapotaka kuandika "he": mtenda ameshatajwa papo hapo kabla ya kitenzi? Kama ndiyo, futa. Kama hapana, ni mwanamke au mwanamume? Akafuta ya kwanza. Ya pili akaiacha, kwa sababu anayetaka kuoa ni Lakunle. "Him" akaigeuza "her", huku akicheka kwamba alikuwa amemwozesha Lakunle mwanamume mwenzake.

Zikabaki "refuse" na "want" bila "s" mwishoni. Hapa walimu wengi hukaririsha kanuni ya nafsi ya tatu umoja, na watoto huimba bila kuiona. Nikamwonyesha anataka, nikazungushia duara ile "a-". Sisi tunamtia alama mtenda mwanzoni mwa kitenzi. Kiingereza, kwa wakati huu na nafsi hii, kinaitia mkiani.

"Kwa hiyo ile 'a' niliyoifuta imehamia nyuma?"

"Imehamia nyuma."

Akainama, akaongeza "s" mbili, kisha akageuza ukurasa na kuanza aya ya Baroka, chifu wa kijiji, bila kukigusa kile kijitabu.