Fadhila na Haki katika Tamas ya Bhisham Sahni

Riwaya ya Tamas iliandikwa kwa Kihindi na Bhisham Sahni, ikachapishwa mwaka 1974, na mwaka uliofuata ikatunukiwa tuzo ya Sahitya Akademi, chuo cha taifa cha fasihi nchini India. Jina lake ni neno la Kisanskriti lenye maana ya giza. Hadithi yenyewe inahusu siku chache za mwaka 1947 katika mji mmoja wa Punjab na vijiji vyake, ambapo Wahindu, Waislamu na Masingasinga waliokuwa wamekaa pamoja vizazi na vizazi waligeukiana kwa shoka na moto. Sifa ambayo riwaya hii hupewa mara nyingi ina sehemu mbili: kwamba imeufichua mkono wa mkoloni, na kwamba imedhihirisha kuwa watu wa kawaida, wakiachwa peke yao, hupendana. Sehemu ya kwanza twaikubali, tena kwa kiasi. Ya pili haitokani na riwaya yenyewe, na hiyo ndiyo tunayokusudia kuijadili hapa. Tumeisoma kazi hii katika tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya mwandishi mwenyewe, kwa hiyo juu ya lugha yake ya asili hatutasema mengi.

Yafaa kwanza kuzingatia wakati wa kuandikwa kwake. Sahni alizaliwa Rawalpindi mwaka 1915, na mji usiotajwa jina katika riwaya ni wazi kuwa ndio huo. Mwezi wa Machi 1947 wilaya ile ilipata mauaji makubwa, miezi mitano kabla ya nchi kugawanywa kuwa India na Pakistan. Katika mgawanyo huo watu kati ya milioni 12 na 15 walihama makwao, na waliouawa hukadiriwa kuwa tangu 200,000 hadi zaidi ya 1,000,000. Hata hivyo Sahni hakuyaandika hayo mara moja. Mwaka 1970 ghasia za dini ziliripuka katika mji wa Bhiwandi, karibu na Bombay. Mwandishi alikwenda kuuona mji ule uliounguzwa, na ndipo kumbukumbu za Rawalpindi zilipomrudia. Jambo hili halistahili kupitwa upesi. Mwaka 1970 Mwingereza alikuwa amekwisha ondoka miaka 23 iliyopita. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950 ilikuwa imekwisha tangaza kwamba raia wote ni sawa mbele ya sheria na kwamba asibaguliwe mtu kwa dini yake wala kwa tabaka lake la kuzaliwa. Mtu anayeandika juu ya 1947 huku pua yake ingali na moshi wa 1970 hawezi kumbebesha mkoloni mzigo wote.

Lakini mkoloni yumo, na amechorwa kwa ustadi. Richard, Bwana Shauri wa wilaya, ni msomi. Anapenda magofu ya Taxila na sanamu za Buddha, na anaijua historia ya watu anaowatawala kuliko wanavyoijua wao. Kinaya ni kwamba elimu yote hiyo haimzuii kukaa kimya wakati wajumbe wa mji wanapomjia kumsihi achukue hatua. Kwa mkewe, Liza, anakiri kwamba kazi ya mtawala si kutazama yale yanayowaunganisha raia, bali yale yanayowatenga. Vijiji vimekwisha teketea ndipo ndege moja inaporuka juu yao, na ghasia zote zinakoma. Msomaji anaachwa ajiulize kwa nini ndege ile haikuruka siku ya kwanza. Hapa riwaya haitii chumvi: tangu mwaka 1909 serikali ya Uingereza ilikuwa imewapa Waislamu wa India viti na orodha yao ya wapiga kura, baadaye ikafanya vivyo kwa Masingasinga wa Punjab, hata mwanasiasa akawa hana haja ya kuomba kura ya jirani wa dini nyingine.

Mkono wa pili wa fitina ni Murad Ali. Yeye ndiye anayempa Nathu, mchuna ngozi, rupia 5 ili amchinje nguruwe, akidai kuwa mzoga unatakiwa na daktari wa mifugo. Sura ya kwanza yote ni mapambano ya Nathu na mnyama yule usiku kucha ndani ya kibanda kinachonuka, na ni sura ambayo msomaji haisahau. Asubuhi nguruwe anaonekana kwenye ngazi za msikiti. Kama riwaya ingekwisha hapo, tungekuwa na hadithi ya hila tu: mtu mwovu mmoja, fukara mmoja aliyedanganywa, na umma uliochokozwa. Wasomaji wengi wanaishia hapo kwa hakika, ijapokuwa wameyapindua makaratasi yote hadi mwisho.

Tumtazame Ranvir. Ni kijana wa Kihindu, karibu mtoto bado, anayefundishwa na mwalimu wake katika kikundi cha siri. Ili akubaliwe, lazima amchinje kuku. Kwanza anatapika, mikono inamtetemeka. Halafu anafaulu, na mwalimu anampaka damu kipajini. Baada ya siku chache mwenzake mdogo, Indar, anamfuata barabarani mchuuzi mzee wa manukato, Mwislamu. Mzee anamwonea huruma mtoto yule na kuzungumza naye maneno ya upole njia nzima, na katikati ya upole huo Indar anamchoma kisu. Murad Ali hakuwapo. Wala Richard hakuwapo. Palikuwapo darasa, na somo lililopangwa hatua kwa hatua. Sahni anatuonyesha kwamba siasa kali ya dini ni elimu. Ina walimu wake, mitihani yake na shahada zake, na anayefuzu ni mtoto wa watu wastaarabu waliomlea vizuri. Hakuna sehemu nyingine katika riwaya hii inayotisha kama hiyo, na inatisha kwa sababu mwandishi hapazi sauti.

Au tumtazame Shah Nawaz, ambaye kwetu sisi ndiye mhusika aliyechorwa kwa undani kupita wote. Ni Mwislamu, tajiri, tena mkarimu, na rafiki yake wa chanda na pete ni Raghunath, Mhindu. Mji ukiwaka moto anamhamisha rafiki yake na jamaa yake kwa gari lake mwenyewe. Kisha anarudi katika nyumba iliyoachwa kuchukua vito vya mke wa Raghunath, maana wameviacha. Huko anamkuta Milkhi, mtumishi wa nyumba, mtu duni asiyemdhuru yeyote. Wanaposhuka ngazi Shah Nawaz anakiona kishungi cha Kihindu nyuma ya kichwa cha Milkhi, na ghafla, bila ya neno, anampiga teke. Mtumishi anaporomoka na kuvunjika uti wa mgongo. Halafu Shah Nawaz anakwenda kukabidhi vito kwa uaminifu kamili, naye mama yule anamshukuru kwa machozi.

Wasemao kwamba watu wa kawaida hupendana wamwelezeje Shah Nawaz? Si mnafiki. Urafiki wake ni wa kweli na chuki yake ni ya kweli, na vyote viwili vinakaa katika kifua kimoja. Tofauti iliyopo ni ya daraja: Raghunath ni rafiki na mwenye mali, kwa hiyo ni mtu, Milkhi hana jina la kumkinga, kwa hiyo anabaki kuwa Mhindu tu. Fadhila huchagua. Anayependwa huokoka, na asiyejulikana hulipia. Hapa ndipo tunapoona riwaya ikidai, bila ya kuhutubu, kitu kilicho tofauti na mapenzi ya ujirani, yaani usawa usiouliza ni nani anayekujua.

Hoja hii inapata nguvu zaidi katika safari ya Harnam Singh na mkewe Banto, wazee wawili wa Kisingasinga waliokuwa na duka la chai katika kijiji cha Waislamu. Wanafunga duka na kukimbia usiku, na alfajiri wanabisha katika nyumba wasiyoijua. Anayefungua ni Rajo, mwanamke wa Kiislamu. Anawaingiza, kisha anawaficha. Baadaye mumewe anarudi akiwa na sanduku aliloliteka, nalo ni sanduku la wazee wale wale. Mkwe anahangaika kulivunja kufuli. Harnam Singh anamwambia asiharibu kufuli na kumpa ufunguo. Ni kitendo kidogo, lakini ndani yake mna haya, mna adabu ya mgeni, na mna kukubali kwamba mali imekwisha kuwa ya wengine. Usiku Rajo anawasindikiza nje ya kijiji na kumpa Banto vito vyake viwili vitatu alivyovitoa katika sanduku lile. Ramzan, mwana wa Rajo, alikuwa ameinua shoka juu ya mzee na mkono ukamshinda, maana si rahisi kumwua mtu aliyekula kwako. Lakini ni Ramzan huyo huyo, mashambani, pamoja na wenziwe, anayemvamia Iqbal Singh, mwana wa wazee wale, na kumsilimisha kwa mawe. Rajo ni mwema kweli, hapana shaka. Hata hivyo wema wake unakoma mpakani mwa kijiji, na wazee wanaachwa gizani wakibahatisha mlango mwingine. Je, tuite hayo ushahidi wa upendo wa jamii?

Kwa wanawake hata bahati hiyo haipo. Katika kijiji cha Sayyedpur wanawake wa Kisingasinga, akiwamo Jasbir, binti wa Harnam Singh, wanajitosa kisimani pamoja na watoto wao ili wasishikwe. Mambo kama hayo yalitukia kweli katika kijiji cha Thoa Khalsa, Machi 1947. Kuna wanaoisoma sura hiyo kama utenzi wa mashujaa. Tunawaomba wasome mbele kidogo: baada ya siku chache mume mmoja anaitafuta njia ya kushuka kisimani, maana mkewe alizama na bangili zake za dhahabu. Naye Prakasho, binti wa Kibrahmani aliyetekwa na Allah Rakha, wazazi wake hawana hamu ya kumrudisha, kwa kuwa amekwisha najisika. Kila dini katika riwaya inadai kuilinda heshima ya wanawake wake, na hakuna hata moja inayomwuliza mwanamke mwenyewe.

Hapa wanalugha wana la kujifunza. Neno la kuonyesha dola isiyofungamana na dini yoyote halikuwamo katika utangulizi wa Katiba ya India hadi lilipotiwa kwa sahihisho la 42 la mwaka 1976. Katika mazungumzo ya kisiasa Kihindi kilitumia dharmnirpeksh. Lakini dharma ni pana mno, hujumlisha wajibu na uadilifu wote, na wapinzani wakauliza kama dola isiyojali uadilifu yafaa nini. Nakala ya Kihindi ya Katiba ikachagua panthnirpeksh, yaani isiyoelemea madhehebu. Wengine wanashikilia usemi wa tatu, kwamba dini zote ziheshimiwe sawasawa. Tafsiri hizi si mapambo. Usemi wa tatu unazungumzia dini na kunyamazia watu. Chini yake Wabrahmani na masheikh wote waweza kuheshimiwa sana huku Milkhi akiwa amelala chini ya ngazi. Sisi pia, ambao katika Kiswahili tunayumba kati ya usekula na mafungu marefu ya maneno, tusidhani kwamba kazi ni ya kamusi peke yake.

Kwa upande wa fani, riwaya haina mhusika mkuu. Inaruka kutoka nyumba hadi nyumba, na wahusika wengine hutoweka kabla hatujawazoea. Wengine wameliona hilo kuwa udhaifu wa msuko. Sisi tunaona kuwa lafaa, kwani ghasia hazina shujaa; ila kwa Nathu halifai hata kidogo. Nathu ni wa tabaka la wachuna ngozi, ambao Wahindu wenziwe hawawezi kula nao, na kwa sheria ya dola mpya kifungu cha 17 ndicho kilichokuja kufuta unajisi huo. Ndiye mtu wa pekee anayeijua siri yote. Dhamiri inamtafuna, anamweleza mkewe, anatangatanga mjini; kisha mwandishi anamwacha, na tunasikia tu kwamba amekufa. Govind Nihalani, aliyeitengeneza filamu ya televisheni iliyoonyeshwa mwaka 1988, bila shaka aliliona pengo hilo, maana alimpanulia Nathu nafasi na kuiunganisha njia yake na ya wazee wale wawili. Filamu hiyo ilipelekwa mahakamani na mtu aliyedai kuwa itachochea fujo. Mahakama ya Juu ilikataa, ikisema kwamba athari ya kazi ya sanaa ipimwe kwa mtu mwenye akili timamu na moyo thabiti, wala si kwa aliye dhaifu.

Jambo moja limebaki, nalo ni karani wa takwimu. Katika kambi ya wakimbizi ameketi na daftari, na kila anayemjia anataka kusimulia. Yeye anawakatiza, anataka hesabu tu: wangapi wamekufa, mali kiasi gani. Wengi humcheka. Lakini karani huyu ndiye mtu wa kwanza katika riwaya nzima anayeandika majina ya wafu bila ya kuwapenda wala kuwachukia, na kama pangekuwa na mahakama baada ya ghasia, daftari lake ndilo lingeanzia kesi. Mahakama haiundwi. Inaundwa kamati ya amani. Basi moja linazunguka mjini likiwa na kipaza sauti, na anayeketi mbele akipiga kelele za umoja wa Wahindu na Waislamu ni Murad Ali.